Kuzunguka Dunia kwa Ndege: Namna ya Kuhimili Saa Ndefu Angani na Ugeni wa Kila Nchi

Anayepanga kuzunguka dunia huwa na hofu mbili, na kwa kawaida huzishughulikia kila moja peke yake. Ya kwanza ni ndege yenyewe: saa kumi na nne kitini, magoti yakigusa kiti cha mbele. Ya pili ni ugeni: kushuka katika nchi ambako hujui hata uangalie upande gani kabla ya kuvuka barabara. Kwa hofu ya kwanza hununua mto wa shingo, kwa ya pili husoma orodha ya mila za watu. Havisaidii sana, kwa sababu hofu hizo mbili hulishana. Mwili uliokosa usingizi hauna subira, na asiye na subira huona kila desturi ngeni kama uchokozi. Karani wa hoteli anayeomba pasipoti mara ya pili anageuka adui, na foleni ndefu inakuwa ushahidi kwamba nchi nzima imeoza. Sehemu kubwa ya kile ambacho wasafiri hukiita mshtuko wa utamaduni, kwa maoni yangu, ni deni la usingizi lililovaa nguo nyingine.

Kwa hiyo mwongozo huu unaifuata safari tangu ikiwa ramani mezani hadi wiki za baada ya kurudi. Utaona kwamba kazi nzito iko mwanzoni, kabla hujalipa chochote.

Hatua ya kwanza: chora njia inayoufaa mwili wako

Kabla ya kuchagua nchi, chagua mwelekeo. Saa ya mwili ya watu wengi hutembea polepole kidogo kuliko saa ya ukutani: mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika chache. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ukiruka kuelekea magharibi, siku inarefuka, unatakiwa kuchelewa, na mwili unakubali. Ukielekea mashariki, siku inakatwa, unatakiwa kulala wakati macho bado makavu. Kwa makadirio ya kawaida, mwili hujisogeza kama saa moja kwa siku ukienda mashariki, na saa moja na nusu hivi ukienda magharibi. Katika safari ya nchi moja, tofauti hiyo ni ndogo. Katika safari inayovuka majira yote ya saa duniani, inajumlishwa mara sita, mara saba. Kama huna sababu nzito ya kwenda mashariki, zunguka kuelekea magharibi. Sababu nzito zipo: kukwepa msimu wa vimbunga, kuwahi majira ya joto upande fulani wa dunia, au tofauti kubwa ya nauli. Lakini ijue bei unayolipa kwa usingizi.

Miungano ya mashirika ya ndege, kama Star Alliance na oneworld, huuza tiketi maalumu za kuzunguka dunia. Masharti yake ya msingi hufanana: unaendelea upande mmoja, unavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, vipande vya safari havizidi 16, na yote yaishe ndani ya mwaka mmoja. Kubadili tarehe kwa kawaida ni rahisi, kubadili njia ndiko hulipiwa. Kwa hiyo usiumize kichwa sana juu ya tarehe. Umiza kichwa juu ya njia.

Sasa urefu wa kila kipande. Siku hizi kuna ndege za moja kwa moja zinazotisha: Singapore hadi New York ni takriban kilomita 15,300 na zaidi ya saa 18 angani, na Perth ya Australia hadi London, njia iliyoanza 2018, ni saa 17 hivi. Mfanyabiashara anayewahi mkutano ana sababu ya kuzipanda. Wewe unayezunguka dunia huna, kwa kuwa kila mahali pa kukatia safari ni mahali pa kutembelea. Vipande vya saa nane hadi kumi na mbili vinatosha. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: ndege ya usiku ya saa sita ni mbaya kuliko ya saa kumi na mbili. Ondoa muda wa kupaa, chakula cha jioni, taa kuwashwa kwa kifungua kinywa na kushuka, unabaki na saa mbili au tatu za kusinzia. Unafika asubuhi ukiwa hujalala usiku wala mchana. Ile ya saa kumi na mbili angalau ina usiku ndani yake.

Saa ya kufika ni muhimu kuliko saa ya kuondoka. Tafuta ndege zinazotua alasiri: unapita uhamiaji, unafika chumbani, unaoga, unakula, unalala. Ndege inayotua saa kumi na moja alfajiri inakuacha mtaani na begi hadi saa nane au tisa mchana, wakati vyumba vingi vya hoteli vinapofunguliwa kwa wageni wapya. Ikiwa huna njia nyingine, lipia chumba kuanzia usiku uliotangulia na uwaandikie hoteli kwamba utafika alfajiri. Hiyo ni pesa ambayo sijawahi kuona mtu akiijutia.

Soma tarehe kwa makini. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika, mara nyingi kwa mtindo wa saa 24, na siku mpya huanza usiku wa manane. Ndege ya 00:30 tarehe 12 inaondoka usiku ule ambao wewe bado unauita wa tarehe 11. Watu hukosa ndege kwa sababu hii kila msimu. Halafu kuna mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, ambapo kalenda hubadilika kwa siku moja. Ukitoka Auckland ya New Zealand jioni kwenda Los Angeles, unatua mchana wa tarehe ileile, saa kadhaa kabla ya saa uliyopaa. Ukirudi upande wa pili, unapaa usiku na kutua siku mbili mbele kwenye kalenda. Wanaozunguka kuelekea magharibi hupoteza siku nzima hapo, na wengi hugundua baada ya kuwa wamelipia usiku wa hoteli ambao haukuwapo. Si jambo geni: Antonio Pigafetta, mwandishi wa msafara wa Magellan ulioizunguka dunia kwa meli kuelekea magharibi, alipofika visiwa vya Cape Verde Julai 1522 alishangaa kuambiwa ni Alhamisi wakati daftari lake, alilolijaza kila siku bila kuruka, lilisema Jumatano.

Mwisho wa hatua hii, weka siku tupu. Baada ya kila ndege inayovuka majira ya saa zaidi ya matano, siku inayofuata isiandikwe kitu: hakuna tiketi ya makumbusho, hakuna treni ya kwenda mji mwingine, hakuna miadi. Na usizipange nchi ngumu zikifuatana. Ugumu hapa ni wako wewe, haumo katika nchi: maandishi usiyoweza kuyasoma, joto usilolizoea, umati, kelele, au kimya kizito. Baada ya nchi inayokudai nguvu nyingi, weka inayokudai kidogo.

Hatua ya pili: karatasi na dawa

Hapa nitapita haraka, maana mengi unayajua. Pasipoti iwe na miezi sita ya uhai kuhesabu kutoka siku utakayoingia nchi ya mwisho, si ya kwanza. Angalia viza za kupita tu: Marekani haina sehemu ya kusubiri ndege bila kuingia nchini, kwa hiyo hata anayebadili ndege pale kwa saa mbili anahitaji viza au kibali. Nchi nyingi hutaka uthibitisho wa tiketi ya kuondoka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na tangu 2016 hudumu maisha yote. Mpangilio wa nchi unaweza kukilazimisha hata pale ambapo mwanzoni hukikuhitaji, kwa kuwa kinachoangaliwa ni ulikotoka.

Dawa zinahitaji subira zaidi. Beba katika vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la kila dawa. Zipo nchi zinazozuia dawa ambazo kwingine ni za kawaida: Japani, kwa mfano, hairuhusu kuingiza amfetamini (aina ya dawa za kuchangamsha ubongo) hata ukiwa na cheti cha daktari, na ina mipaka mikali kwa dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Na kama daktari anakuandikia dawa ya kuzuia malaria, muulize madhara yake kwa akili. Meflokwini, mojawapo ya dawa hizo, inafahamika kwa kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni kwa baadhi ya watu. Mtu anaweza kukaa wiki tatu akidhani ameishindwa nchi, kumbe ni kidonge.

Hatua ya tatu: kiti na mfuko wa mkononi

Kiti cha dirishani ni cha mlalaji: una ukuta wa kuegemea na hakuna atakayekuamsha apite. Kiti cha njiani ni cha anayeamka mara kwa mara, na ndicho bora kwa miguu yako, kwa sababu anayepaswa kuomba ruhusa ya kupita huishia kutoamka. Usawa wa mabawa ndege hutikisika kidogo kuliko mkiani. Safu ya mbele ya sehemu, yenye ukuta, ina nafasi ya miguu lakini ndipo vitanda vya watoto wachanga hufungwa, na mfuko wako lazima uende juu wakati wa kupaa na kutua. Mkisafiri wawili, tafuteni Airbus A330, ambayo kwa kawaida ina viti viwili viwili pembeni. Hakuna mgeni wa kuomba msamaha.

Mfukoni: kitambaa cha macho, vizibo vya masikio, sweta, soksi, chupa tupu ya kujaza maji baada ya ukaguzi, mafuta ya midomo, mswaki, kalamu ya kujazia fomu, dawa zako zote na nguo za kubadili mara moja. Pawabenki lazima iwe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi linaloingia chini; isiyozidi saa-wati (Wh) 100 hupita bila kuombewa kibali. Andika kwenye karatasi anwani ya hoteli ya kwanza kwa maandishi ya nchi hiyo. Simu itazimika siku ile ile unapoihitaji.

Hatua ya nne: ndani ya ndege

Ukijua kinachotendeka kwenye hewa ile, mengi utayafanya bila kukumbushwa. Shinikizo ndani ya ndege halilingani na la ardhini: linaweza kuwa sawa na la kusimama kwenye mlima wa mita 2,400, ingawa katika ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 ni sawa na la mita 1,800 hivi. Kwenye urefu huo oksijeni ya damu hupungua kidogo, na gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa karibu theluthi. Tumbo kujaa si kosa la chakula peke yake. Acha soda na vyakula vinavyoleta gesi tangu siku moja kabla. Unyevu wa hewa nao huwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo macho, pua na koo hukauka. Anayevaa lenzi avae miwani. Kunywa maji kidogo kidogo kila yanapopita, si lita mbili kwa mkupuo. Pombe huleta usingizi wa mwanzo na kuuvunja nusu ya pili, na angani huhisiwa zaidi. Ukinywa kahawa, kumbuka kwamba nusu ya kafeini yake bado iko mwilini baada ya saa tano hivi.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko kupaa. Meza mate, piga miayo, tafuna kitu, au ziba pua na mdomo kisha sukuma pumzi taratibu, ukianza mapema rubani anapotangaza kuanza kushuka. Ukiwa na mafua makali, ahirisha ikiwezekana. Na kama njia yako ina kisiwa cha kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa, acha angalau saa 18 kati ya kuzama mara ya mwisho na kupanda ndege ikiwa umezama mara kadhaa.

Miguu ndiyo ya kuchukulia kwa uzito. Kukaa bila kujongea kwa saa nyingi hufanya damu itembee polepole kwenye mishipa ya ndani ya miguu, na inaweza kuganda. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulikadiria kwamba hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi au gari. Hata hivyo inabaki ndogo: takriban mtu mmoja kati ya 6,000 kwa safari za ndege zinazozidi saa nne. Lakini hupanda kwa wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, wenye saratani, wenye uzito mkubwa na waliowahi kuganda damu, na hupanda tena mtu anapounganisha safari ndefu nyingi ndani ya wiki chache, jambo ambalo ndiyo maana yenyewe ya kuzunguka dunia. Simama na tembea kila saa moja au mbili unapokuwa macho. Ukiwa umeketi, inua visigino, kisha vidole, mara ishirini. Usiweke begi mahali pa miguu. Walio katika kundi la hatari wazungumze na daktari kuhusu soksi za kubana zinazofika chini ya goti. Aspirini usijipe mwenyewe. Vidonge vya usingizi navyo sivipendi angani, kwa sababu vinakulaza umekunja miguu kwa saa saba bila kugeuka.

Muda utaupitishaje? Usihesabu saa zilizobaki, na ramani ya ndege kwenye skrini izime. Igawe safari katika mafungu: fungu la kula, la filamu moja, la kulala, la kutembea na kunawa uso, la kusoma. Fungu la kulala liwekwe pale ambapo kule uendako ni usiku, hata kama maana yake ni kukataa chakula cha kwanza. Mwambie mhudumu asikuamshe, funga mkanda juu ya blanketi uonekane, vaa kitambaa cha macho. Usingizi usipokuja, kulala macho yamefumbwa bila skrini bado ni mapumziko. Kupambana nao ndiko kunakochosha.

Hatua ya tano: siku mbili za kwanza baada ya kutua

Kama utakaa siku mbili tu au pungufu, usiusumbue mwili. Kula na kulala karibu na saa za ulikotoka kadiri unavyoweza, kisha endelea. Kuanzia siku tatu kwenda juu, hamia saa ya huko mara moja.

Chombo kikuu cha kuuhamisha mwili ni mwanga, na mwanga unaopatikana saa isiyofaa huusukuma mwili upande usiotakiwa. Kanuni yake ni hii. Mwili wako hufikia kiwango chake cha chini cha joto saa mbili au tatu kabla ya wakati unaoamka kwa kawaida. Mwanga mkali baada ya hapo huivuta saa ya mwili mbele, yaani utawahi kusinzia. Mwanga kabla ya hapo huirudisha nyuma, yaani utachelewa. Tuseme unaamka saa moja na nusu asubuhi London: kiwango chako cha chini ni kama saa kumi na moja alfajiri. Ukiruka kwenda Tokyo wakati wa baridi, saa tisa mbele, saa hiyo kwa Tokyo ni saa nane mchana. Ukitoka asubuhi na mapema kuota jua la Tokyo, mwili unalisoma kama taa za jioni na unajisogeza upande usiotakiwa. Siku ya kwanza vaa miwani ya jua asubuhi, kaa ndani, kisha toka kuanzia saa nane. Kila siku inayofuata wahi kwa saa moja au zaidi. Ukienda magharibi, London hadi Los Angeles kwa mfano, hesabu ni nyepesi: kaa kwenye mwanga alasiri yote hadi jua lizame, usijifungie chumbani saa kumi jioni.

Melatonini husaidia baadhi ya watu, hasa kwenda mashariki, ikimezwa karibu na wakati wa kulala wa kule ulikofika. Nusu miligramu hadi miligramu tano ndicho kiasi kinachotumika. Katika nchi nyingine huuzwa bila cheti, kwingine huandikwa na daktari tu, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda au wenye kifafa wasiitumie bila kuuliza. Usingizi wa mchana usizidi dakika thelathini. Weka kengele, kwa sababu ile "nifumbe macho kidogo tu" ya siku ya kwanza huamka saa tano usiku.

Na katika siku hizo mbili usiamue chochote. Usibadilishe njia, usigombane na mwenzako juu ya pesa, usiandike maoni kuhusu nchi. Hujaiona bado.

Hatua ya sita: ugeni

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada, alizungumzia mshtuko wa utamaduni katika hotuba yake Rio de Janeiro mwaka 1954. Hoja yake ilikuwa kwamba wasiwasi huo hutokana na kupoteza alama ndogo ndogo zinazotuongoza bila kufikiri: lini kushika mkono, lini kumpa mhudumu bahashishi, lini maneno ya mtu ni ya kweli na lini ni adabu tu. Alitaja hatua nne: fungate, kisha hasira, kisha kupata nafuu, mwisho kuzoea. Mwaka uliofuata mwanasosiolojia Mnorwe Sverre Lysgaard aliuchora mwenendo huo kama bonde: furaha, kushuka, kupanda. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba si kila mtu hupita humo, na kwamba wengi huumia zaidi siku za mwanzo kabisa.

Lakini hao wote walikuwa wakizungumzia watu waliohamia mahali pamoja kwa miezi au miaka. Anayezunguka dunia hukaa wiki mbili na kuondoka. Hafiki kwenye nafuu, achilia mbali kuzoea. Anarudia fungate nchi baada ya nchi, hadi fungate yenyewe inamchosha. Ndiyo sababu anguko la safari hii haliji nchi ya kwanza. Huja katikati, mara nyingi mahali pazuri kabisa, na msafiri hujilaumu: nimetumia akiba yote kufika hapa, mbona sitaki kutoka chumbani?

Dalili zake zijue mapema. Unalinganisha kila kitu na nchi iliyopita. Unahisi kila muuzaji anakuibia. Unashinda kwenye simu ukifuatilia habari za nyumbani ambazo zamani hukuzijali. Unatafuta wageni wenzako ili kuwasema wenyeji, na hii ya mwisho ni mbaya zaidi, maana inafariji kweli, na kila kikao kinakuongezea ukuta.

Waswahili husema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Ushauri mzuri, ila methali haisemi inavyochosha kushinda umefumba jicho moja. Kuchunga kila ishara ya mkono, kila kauli, kila nguo, kwa miezi, ni kazi. Basi ipangie mapumziko kama kazi nyingine. Kila siku uwe na saa moja au mbili ambapo hutakiwi kufuata adabu ya mtu: chumbani, au kwenye benchi la bustani na kitabu cha lugha yako. Huko si kukimbia nchi.

Kabla ya kutua, jifunze mambo machache tu kwa kila nchi, usijitwishe orodha ya hamsini: kusalimu, kushukuru na kuomba radhi kwa lugha yao, namna ya kutoka uwanja wa ndege na kulipa, mavazi na ishara zinazoudhi kweli, na yale yaliyo sheria, si desturi. Makosa ya desturi husamehewa mgeni anayeomba radhi. Ya sheria hayasamehewi. Kumbuka pia kwamba mwili una lugha zake: Bulgaria kutikisa kichwa kushoto na kulia kwaweza kuwa ndiyo, Thailand kumgusa mtu kichwani ni kumvunjia heshima, na ndani ya treni za Japani hakuna anayeongea kwa simu. Hapo hakuna mantiki ya kutafuta. Tazama wengine wanafanyaje kwa dakika tano, kisha ufuate.

Kuhusu pesa, tenga kiasi kidogo kwa kila nchi na ukiite ada ya ugeni. Teksi itakulipisha zaidi, utanunua tiketi isiyo sahihi, utabadilisha fedha vibaya. Toa kwenye fungu hilo, funga hesabu. Anayepigania kila senti siku ya kwanza hupoteza hamu ya siku tano, na hamu haibadilishwi kwenye kaunta yoyote.

Anguko likija, dawa ninayoiamini ni kusimama. Chagua mji wa wastani, usio na kivutio kikubwa kinachokudai, ukae humo siku kumi au zaidi. Fua nguo. Nyoa nywele. Kula mahali pamoja hadi wakujue. Alama ndogo alizozitaja Oberg hurudi kwa njia hiyo tu, kwa kurudia jambo dogo hadi ulifanye bila kufikiri. Ikibidi kufuta nchi moja ili upate siku hizo, ifute. Wasafiri hushindwa na hatua hii kuliko zote, kwa sababu tiketi imeshalipwa, lakini nauli imekwenda uwe na furaha au usiwe nayo.

Wanaosafiri wawili waachane siku moja kila wiki, kila mtu na njia yake, wakutane usiku. Ugomvi mwingi wa njiani ni njaa na usingizi. Kuleni kwanza, mgombane baadaye kama bado mnakumbuka sababu. Huzuni ikizidi wiki mbili bila kupungua, usingizi na hamu ya kula vikipotea hata pale uliposimama, hilo si suala la utamaduni tena. Tafuta daktari, na bima yako iwe inalipia hilo. Isome kabla ya kuondoka.

Hatua ya saba: kurudi

Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn waliongeza bonde la pili kwenye mchoro wa Lysgaard: lile la kurudi nyumbani. Linauma kwa kuwa hakuna anayelitarajia. Umebadilika, chumba chako hakikubadilika, na watu hukusikiliza kwa dakika tano kisha wanarudi kwenye mazungumzo yao. Usiwalaumu, hawakuwapo. Watafute wawili wanaopenda kusikia, uwape hadithi hizo kidogo kidogo, na wengine waulize wao walikuwaje. Acha siku tatu au nne kati ya kutua na kurudi kazini, maana saa ya mwili haijui kwamba uko nyumbani. Kuacha kazi, kuhama mji na kuvunja uchumba visubiri mwezi mmoja.

Hifadhi orodha ya nchi ulizopita na tarehe zake, hata kwenye simu. Mguu mmoja ukivimba au kuuma kwenye misuli ya nyuma, kifua kikichoma au pumzi ikikata katika wiki zinazofuata ndege ya mwisho, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ulisafiri. Homa nayo isipuuzwe: malaria yaweza kujitokeza wiki au hata miezi baada ya kutoka mahali ilipo, na daktari asiyejua ulikopita ataanza kutafuta mafua. Mpe orodha kabla hajauliza.